Mama Mraba, Mwalimu wa Waliopotea Njia

Ndugu, majirani, na nyinyi nyote mliofundishwa na dada yetu, asanteni kwa kusimama nasi. Wasifu huu umeandikwa na familia na unasomwa na mdogo wake wa mwisho, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo. Alisema kaka zake wakubwa watalia kabla ya kufika ukurasa wa pili, na huyu mdogo ana mdomo. Basi tumwache mwenye mdomo aanze.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1952 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mlango wa tatu kutoka karakana. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita, na msichana wa kwanza. Baba yetu alipaka rangi mabehewa. Mama yetu alikuwa mkunga katika zahanati ya reli. Tangu utoto dada alikuwa na tabia iliyowachosha wazazi: akitumwa chumvi dukani, njia ilimmeza. Angekutwa amelala kifudifudi kando ya reli, anatazama magugu yaliyoota kati ya mawe, chumvi hana na habari hana. Mwishowe Mama alizoea kutuma watoto wawili, mmoja wa kununua chumvi na mwingine wa kumrudisha dada.

Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia 1959 hadi 1965, kisha sekondari ya wasichana ya bweni hadi mwisho wa 1971. Alifaulu mno, na hapo ndipo mvutano na Baba ulipoanza. Baba alitaka daktari. Majirani walikuwa wameshatangaziwa kwamba mtaa utapata daktari, na wengine walishaanza kumwonyesha dada vidonda vyao. Siku alipotaja mimea, Baba aliweka kikombe cha chai chini.

“Mimea? Utatibu nini sasa, majani?”

“Sitayatibu, Baba. Nitayatazama.”

“Na kazi ya kutazama iko wapi?”

“Nitaitafuta.”

Baba alinuna muhula mzima. Halafu, bila kumwambia mtu, alitengeneza sanduku la mbao la kubebea majani na kulipaka rangi ileile ya mabehewa ya daraja la kwanza. Hakusema samahani, kwa sababu Baba hakuwa na msamiati huo, lakini alilibeba yeye mwenyewe hadi stesheni.

Mwaka 1972 dada aliingia chuo kikuu cha umma, na kwa kweli hakutoka tena. Alipata shahada ya kwanza ya mimea mwaka 1975, akaajiriwa papo hapo kuwa mhadhiri msaidizi, na mwaka 1983 akapata shahada ya uzamivu. Siku hiyo Baba aliwaambia majirani kwamba daktari waliyeahidiwa amepatikana. Kwamba ni daktari wa majani, hilo alilimezea.

Ndoa yake ilitokana na friji. Mwaka 1977 friji kubwa ya idara iliharibika, ile ya kugandishia majani makavu ili wadudu wafe kabla ya kupangwa kwenye makabati. Akaitwa fundi kijana, mwenye bidii na asiyejua kitu kuhusu majani. Alipofungua mlango akakuta mafungu kwa mafungu ya majani kwenye karatasi, yamekauka kabisa. Akaona huruma. Akayatoa, akayaweka kivulini, akayanyunyizia maji vizuri ili yapate nafuu. Ilikuwa kazi ya mwaka mzima ya idara nzima. Dada alirudi kutoka kwenye kipindi, akaona majani yametota na fundi anatabasamu, akaketi sakafuni.

“Nimeyaokoa,” fundi alimwambia.

“Umeyaua mara ya pili,” dada akasema.

Fundi hakukimbia, na hilo ndilo lililomponza, au lililomwokoa, mtachagua wenyewe. Kila jioni baada ya kazi alirudi kumsaidia kubadilisha karatasi na kukausha upya, jani kwa jani. Mpaka la mwisho linakauka walikuwa wameshazoeana. Walifunga ndoa tarehe 16 Juni 1979, wakajaliwa binti na mvulana. Asiyeamini habari hii amwulize shemeji yetu, yule pale mbele. Kwa miaka arobaini na mitano hakuwahi tena kumwagilia chochote bila kuuliza.

Sasa tuseme juu ya kazi. Nyuma ya Idara ya Mimea, kati ya tangi la maji na uzio, kuna kiwanja cha nyasi ambacho mgeni angepita asigeuze shingo. Kila mwaka, siku ya kwanza ya masomo, dada aliwapeleka wanafunzi wapya pale akiwa na vigingi na uzi. Kila mmoja alipimiwa mraba wa mita moja, akaambiwa maneno yaleyale. “Huyu ndiye mwenyeji wako. Using'oe kitu, usimwagilie, usifagie. Utamtembelea kila wiki, utaketi, utatazama. Mwisho wa muhula utatuambia nani anaishi hapo na wanagombania nini.” Wanafunzi walicheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu walilalamika. Kufikia wiki ya tano ungewasikia kwenye foleni ya chakula wakibishana kuhusu siafu. Jina la Mama Mraba lilianzia kwenye foleni hiyo, na yeye alijifanya halijui.

Kuna kijana mmoja, miaka ile ya themanini, aliyetaka kumfurahisha mwalimu. Alijihimu alfajiri na jembe na fagio, akausafisha mraba wake mpaka ukang'aa. Hakikubaki hata kijani kimoja. Dada alisimama juu ya ule udongo mtupu.

“Umependeza kweli,” akasema. “Sasa wenyeji umewafukuza wote. Tutamhoji nani?”

Kijana yule aliketi muhula mzima mbele ya udongo mtupu, akisubiri kitu kiote, na yeye ndiye wa kwanza katika darasa lake kuona jinsi mahali palipoharibiwa panavyoanza kurudi. Baadaye aliacha mimea akasomea sheria. Leo ni jaji, yuko kati yetu, na ametuomba tusitaje fagio. Tumeshindwa.

Si yeye tu aliyeacha. Hapa tufike kwenye jambo lililomuuma dada kuliko lolote. Wahitimu wake walitawanyika. Mmoja alikuwa mtangazaji wa redio. Mmoja alikuwa fundi wa kutengeneza magitaa. Wengine walikuwa rubani, mpishi wa hoteli, mtunza nyasi wa uwanja mkubwa wa mpira. Na aliyempenda kupita wote, binti aliyepata alama za juu ambazo idara haijaziona tena, aliacha shahada ya uzamili katikati akafungua saluni ya kusuka nywele. Dada hakulipokea hilo vizuri. Alimnunia. Kwa miaka mingi, akifika mtaa wa saluni ile, alivuka barabara akapita upande wa pili. Mumewe alimwambia kwamba barabara imemwona.

Basi mwaka 2009 uongozi wa chuo ulipamba ukumbi mrefu wa jengo la utawala kwa picha za wahitimu mashuhuri. Walikuwapo mawaziri, wahandisi, madaktari bingwa, kila mmoja ndani ya fremu na tai shingoni. Kutoka Idara ya Mimea hakuwapo hata mmoja. Wiki chache baadaye makamu mkuu wa chuo, mhandisi kwa taaluma na muungwana kwa tabia, alimwita dada ofisini. Mzee huyo amestaafu, yuko hapa leo, na ametupa ruhusa ya kusimulia. Alimweleza kwamba wanafunzi wa idara wamebaki wachache, kwamba idara itavunjwa na walimu wahamie Kilimo, na kile kiwanja cha nyuma kitafanywa maegesho ya magari.

“Mama, nionyeshe mhitimu wako mmoja wa kuweka ukutani,” alisema. “Wako wote wamepotea njia. Mwingine ninasikia anasuka nywele.”

Dada alitoka pale akaja moja kwa moja nyumbani kwa mdogo wake huyu anayesoma, akaketi kwenye kiti kifupi cha jikoni bila kuvua mkoba. Hatukuwahi kumwona hivyo. Alikuwa anaogopa, na alikiri. Hakuogopa kukosa kazi, maana kustaafu kulikuwa karibu. Aliogopa kwamba mtu yule amesema kweli, kwamba amewashika vijana mkono tangu ujana wake hadi mvi zake na kuwapeleka pasipo mahali.

“Mimi mwenyewe nimevuka barabara nisimwone yule binti,” alisema. “Nitamteteaje kwa watu, na nimemhukumu kabla yao?”

Wifi yake alikuwa anamenya vitunguu. Hakugeuka. “Anza na barabara, wifi. Ivuke upya.”

Kesho yake akaivuka. Msusi alikuwa na mteja kitini. Alipomwona mwalimu wake mlangoni, kitana kilimponyoka. Hakuna aliyejua aanze wapi, hivyo msusi akaanza na anachokijua.

“Mwalimu, keti nikuoshe nywele.”

Dada aliketi, akalaza kichwa nyuma kwenye beseni. Akangoja maji. Maji hayakuja. Akafungua jicho moja akakuta binti amesimama tu, amemwinamia, anapitisha macho taratibu kutoka paji la uso hadi kisogoni.

“Vipi?” dada akauliza. “Nimeota nini?”

“Subiri, natazama. Wenzangu wakishapata kichwa wanavuta tu. Mimi siwezi. Ulinikataza kugusa kabla sijaona nani anaishi hapo.” Akainama zaidi. “Nimewatuma wateja watatu hospitali, Mwalimu. Mmoja alikuwa na uvimbe nyuma ya sikio, mumewe hajauona, yeye mwenyewe hajauona. Yuko hai anapiga kelele hapo sokoni.”

Dada alilia ndani ya beseni. Msusi akafungua maji ili mteja mwingine asijue. Dada alipoondoka, nywele zimesukwa vizuri kuliko siku ya harusi yake, alikwenda tena ofisi ya makamu mkuu wa chuo akamwomba asubuhi moja tu, pale kiwanjani, kabla trekta halijaingia.

Mtangazaji wa redio alifanya lililobaki. Kila alipomaliza kusoma habari za hali ya hewa alitangaza kwamba wote waliowahi kuketi kwenye mraba waje tarehe 21 Novemba wasimame pale walipoketi. Hakueleza zaidi. Watu wengi walipiga simu redioni kuuliza kama ni dini mpya.

Siku hiyo, Jumamosi, dada aliamka akisema wakija kumi atashukuru. Walikuja mpaka uzio ukaegemea nje. Makamu mkuu wa chuo alifika na suti yake ya kijivu, amejiandaa kwa hotuba, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumsikiliza. Watu wazima, wenye vyeo na vitambi, walikuwa wanazunguka wameinama wanatafuta miraba yao. Na ugomvi ulizuka, kama tungekuwa na akili tungeutarajia.

“Mheshimiwa, umesimama kwangu,” fundi gitaa alimwambia jaji.

“Kigingi changu kilikuwa hapa hapa,” jaji akajibu.

“Chako ulikifagia.”

Jaji aliomba ushahidi. Fundi gitaa alipiga magoti, akapapasa, akamwonyesha shina la kichaka alilolikumbuka likiwa unene wa kidole, sasa unene wa mkono, akamweleza upande upi lilipata jua na kwa nini limepinda. Alisema alijifunza kuchagua mbao za gitaa kwa kulitazama shina lile. Jaji alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasogea mita moja kulia, na katika maisha yake ya kazi hiyo ndiyo hukumu pekee tunayojua aliyojitolea dhidi yake mwenyewe.

Makamu mkuu wa chuo alipita akiuliza kila mtu, mimea imekusaidia nini? Mtunza nyasi wa uwanja wa mpira hakuhitaji kujibu. Mpishi alitoa maelezo marefu. Rubani, mtu mkweli, alisema haimsaidii kitu chochote huko juu. Akafikiri. Akaongeza kwamba abiria wake wanapoogopa mawingu, yeye huyatazama kwanza kabla ya kugusa usukani, na kwamba hakuzaliwa na subira hiyo. Msusi alipoulizwa, alimkazia macho yule mzee kwa muda kiasi cha kumtia wasiwasi, halafu akasema, “Baba, hiyo alama shavuni mwonyeshe daktari.” Aliionyesha. Ndiyo sababu yuko hapa leo anatikisa kichwa.

Mwishowe dada alimkabidhi makamu mkuu vigingi vinne na uzi. “Keti, Profesa. Hapo hapo.”

Aliketi, na suti yake. Tulidhani ni kwa heshima tu, kwamba atainuka mara moja. Lakini alikaa. Baada ya muda mrefu tulimsikia.

“Mama, haka kadogo ka zambarau kanaitwaje?”

“Usijali jina,” dada akasema. “Kanafanya nini?”

Mtangazaji ndiye aliyepiga picha ya siku hiyo, na kwa sababu hakuna aliyekubali kuinua kichwa, picha ilitoka migongo tu. Unaona mistari ya mashati, viuno, kanzu moja, gauni la msusi, suti ya kijivu yenye matope. Hakuna hata uso mmoja. Makamu mkuu wa chuo aliagiza itundikwe ukutani katikati ya mawaziri, ikiandikwa chini yake wahitimu mashuhuri wa Idara ya Mimea. Wageni husimama mbele yake kuliko nyingine zote, wakijaribu kubahatisha nani ni nani.

Idara haikuvunjwa. Mwaka uliofuata kipindi cha mraba kilifunguliwa kwa wanafunzi wa sheria, uhandisi na uuguzi, na vigingi vikawa haviwatoshi. Dada alistaafu kwa karatasi mwaka 2012 na kwa miguu hakustaafu. Aliendelea kufundisha kwa mkataba, akiwa na kofia pana na kiti cha kukunja. Msusi naye alirudi chuoni kumalizia shahada aliyoiacha. Aliwafungia wateja saluni siku mbili kwa wiki, wakamnung'unikia, wakazoea. Alihitimu mwaka 2016, na tangu hapo wakawa wanafundisha pamoja, mmoja akiwa na kofia na mwingine akiwa na mitindo ya nywele tusiyoweza kuieleza hapa.

Mwaka 2022 moyo wa dada ulianza kuchoka. Madaktari walisema umepanuka. Shemeji yetu, aliyekwisha kutengeneza mashine za kila aina, alikasirika kwamba hii hawezi kuifungua. Dada alilazwa hospitali ya rufaa mara kadhaa, na hakuwa mgonjwa mwepesi, kwa sababu alisahihisha maua ya bandia yaliyokuwa mapokezi. Lakini kuna asubuhi moja aliyotusimulia mara nyingi. Muuguzi mgeni aliingia chumbani na sindano kwenye sinia. Wengine huingia wakinyoosha mkono. Huyu alisimama miguuni pa kitanda, akamtazama dada mgonjwa, kupumua kwake, rangi ya kucha, jinsi alivyoegemea upande mmoja. Kisha akaweka sinia chini na kwenda kumwita daktari, na jioni ile dozi ya dawa ikabadilishwa.

“Umesoma wapi wewe?” dada alimwuliza.

“Kwako, Mama. Mwaka wa kwanza. Mraba wangu ulikuwa pembeni, wenye mchwa.”

Dada alicheka mpaka mashine ikapiga kelele. Aliishi miaka miwili baada ya asubuhi ile, miaka mizuri, na kila aliyemtembelea alisimuliwa habari za mchwa. Hofu ile ya kwenye kiti cha jikoni hatukuiona tena usoni mwake.

Alifariki nyumbani, Jumapili tarehe 13 Oktoba 2024, mchana, mumewe akiwa amemshika mkono na binti yake akimsomea gazeti. Aliomba habari ile irudiwe, akafumba macho kusikiliza, na hakuyafumbua.

Ameacha mgane, fundi wake wa friji. Ameacha binti, mwalimu wa hisabati, na mwana, dereva wa treni anayeufurahisha moyo wa mama yetu marehemu huko aliko kila akipita karakana. Ameacha wajukuu wanne, kaka wawili, mdogo huyu mwenye mdomo, na mawifi wanaojua kusema jambo moja likatosha. Ameacha wahitimu ambao hatuwezi kuwataja wote. Tukiwatazama leo mlivyojaa hapa, rubani kando ya mpishi, jaji kando ya fundi gitaa, mita moja kati yenu, tunaamini hakuna hata mmoja aliyepotea.

Kuna wanaokosekana, na tunaomba msiwalaumu. Leo, Alhamisi, ni siku ya kwanza ya masomo ya mwaka mpya. Mkuu wa idara alitaka kipindi kiahirishwe kwa heshima ya marehemu. Msusi alipiga simu juzi akilia, akisema hawezi kufundisha wakati mwalimu wake anafukiwa. Shemeji yetu alichukua simu.

“Mwanangu, alishaniambia. Alisema wanaokuja kwa mara ya kwanza wasikute mlango umefungwa. Kuzika tutazika sisi. Wewe nenda.”

Kwa hiyo tunaposoma maneno haya, msusi yuko nyuma ya idara, kati ya tangi la maji na uzio, na vijana wapya wako mbele yake, wengi kuliko mwaka wowote, wamegawiwa vigingi na uzi. Hawakumjua dada yetu na hawajui leo tuko wapi. Wameambiwa waketi.

Lala salama, Dada. Kipindi kimeanza.